Aliyeitwa Maama

Pipraunda,
14 Novemba 1983

Kwa Babu,

Pokea salamu zangu za mikono miwili. Ningeandika kwamba naigusa miguu yako, lakini najua utanikemea kwamba mtoto wa binti hawainamii watu wa ujombani, bali ninyi ndio mnaotuinamia sisi. Nyonga inaendeleaje? Bado unatembea kwa kushika ukuta? Sisi huku hatujambo. Amma ana kikohozi cha msimu, Baba ni mzima, mbwa wetu Kalua ni mzima na mvivu kama ulivyomwacha.

Dada Hemlata amepata tarehe. Ataolewa tarehe saba Februari, sikukuu ya Saraswati. Wakwe ni watu wa Etawah, wakarimu, ila wanashika mila sana. Walipokuja kula peremende za posa, bibi mmoja wao aliuliza, "Na bhaat ataleta nani?" Bhaat ni kazi ya kaka: siku ya harusi ya mtoto wa dada yake lazima aje na nguo na mapambo, asimame juu ya kibao, dada ampake alama nyekundu kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Amma hana kaka. Wewe ulipata binti mmoja, basi. Binamu yake wa Jhansi amekataa, anasema mwaka huu ana bhaat za dada zake mwenyewe. Watu wa Etawah wametuma neno kwamba bila bhaat, bwana harusi hataingia uani kwetu.

Shangazi Ramkali anajifanya kusikitika. Jana, wakichambua mchele, alimwambia Amma, "Usijali, wifi. Tukienda kukodi viti tutakukodia na kaka." Amma akacheka. Kisha akaenda kukoroga dengu ambazo bado hazikuwa motoni. Na siku ya ndugu, dada wanapowapaka kaka zao alama baada ya sikukuu ya Diwali, nilimwona tena akiupaka mchi alama nyekundu, kama afanyavyo kila mwaka, maana hana paji lingine la kupaka.

Sasa, Babu, kuna jambo sijamwambia mtu. Njia yangu ya shule inapita makorongoni, karibu na kile kisima cha ngazi ambacho watu wameacha kuchota. Jumatano ukungu ulikuwa mzito mpaka sikuiona mikono yangu. Nikapotea. Nikasikia kitu kinapumua mbele yangu, polepole, kwa kina, kama mtu aliyelala. Nikakumbuka wanavyosema wachunga mbuzi: ukikutana na fisi au chui, mwite maama, yaani mjomba, kwa sababu hakuna maama anayemdhuru mpwa wake. Unanijua, hata darasani sauti yangu haifiki dawati la pili. Lakini nilisema, "Maama, ni mimi mpwa wako. Nipitishe."

Pumzi ikakoma. Kisha kitu baridi chenye majimaji kikagusa mguu wangu wa kulia, halafu wa kushoto. Kwa utaratibu, Babu. Kama maama anavyomwinamia mpwa. Nilipofumbua macho, ukungu ulikuwa umepasuka upana wa mtu mmoja, na njia iko wazi mpaka lango la shule.

Swali langu ni la kitabu, maana hayo ndiyo maswali ninayoweza kuuliza. Kitabu chetu cha Kisanskriti kinamwita mjomba, kaka wa mama mzazi, "matula". Hapa kijijini hakuna anayesema matula. Sote tunasema maama. Neno hili limetoka wapi?

Mjukuu wako,
Vasudha


Ujjain,
24 Novemba 1983

Mjukuu wangu Vasudha,

Uishi sana, usome mpaka miwani yenyewe iombe likizo. Nyonga yangu inakusalimu. Kila asubuhi inaniambia mvua itanyesha, na kila jioni inakutwa mwongo. Mpe Amma tangawizi na asali. Shangazi yako akikuchokoza mgeuzie shavu la pili, atachoka mwenyewe.

Aliyekugusa miguu ni mbweha aliyelowa umande. Nimeandika hivyo ili wewe ulale, na mimi nilale.

Sasa neno. Kitabu chako hakikosei. Matula ni neno la heshima, limetokana na neno la mama mzazi, na lina maumbo yake yote. Unajua jina katika Kisanskriti hubadilika umbo kila linapopewa kazi: umbo la anayetenda, la anayetendewa, la anayepewa, la anakotoka, la mahali penyewe alimo mtu, na kadhalika. Matula anafanya kazi zote hizo. Maama si hivyo. Wengine husema ni sauti ya mtoto mchanga tu. Lakini mwalimu wangu alinifundisha hivi: ukilisema kwa sauti fupi, "mama", kwa Kisanskriti maana yake ni "yangu" au "wangu". Ukiivuta sauti ya kwanza, "maama", linakuwa "aliye wangu". Na katika vitabu vya kale nilivyosoma, karibu kila mahali utalikuta katika umbo moja tu, umbo la kuita. Maama hatendi, hapewi, hakai popote. Anaitwa tu. Tena wanaoliita ni wanyama wa hadithi, mdogo akimwita hivyo mkubwa anayemtisha.

Kwa hiyo usiseme lilizaliwa kama jina. Lilizaliwa kama mwito. Mtu mwenye hofu amesimama mbele ya kitu asichokijua, anakiambia: wangu.

Nijibu jambo moja kabla ya mengine yote. Ulisema "mpwa wako" tu, au ulijitaja jina? Na usimwite tena.

Babu yako


Pipraunda,
8 Desemba 1983

Kwa Babu,

Salamu nyingi. Natumaini baridi ya huko haijaiingia nyonga. Amma kikohozi kimepona. Mimi nasoma kwa ajili ya mtihani wa darasa la kumi, na vidole vina wino mpaka kwenye chapati.

Nilijitaja. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Nikiogopa huwa najieleza kupita kiasi, hata kwa walimu. Nilisema, "Mimi Vasudha, binti mdogo wa Kishori, nyumba ya mlango wa bluu mwisho wa Pipraunda."

Siku chache baada ya barua yangu ya kwanza, Amma alikuta kizingitini kunazi mbivu zimewekwa juu ya jani, zimepangwa vizuri. Msimu wa kunazi bado, Babu. Wiki iliyofuata zikaja bangili za kioo za kijani, za mkono mdogo kama wangu. Juzi, kitambaa chekundu cha kichwani, kimekunjwa, kizito kwa maji. Kila mara kuna alama za unyevu kutoka barabarani mpaka mlangoni, zinaishia hapo, hazirudi. Kama kaka aliyefika kwa dada yake, akasimama kungoja aitwe ndani. Kalua amehamia chini ya kitanda.

Baba anadhani ni mmoja wa maharamia wa makorongoni. Anasema zamani wako walioitwa kaka na wanawake wa vijijini wakawaletea bhaat kweli, na kwamba mambo kama hayo hayaulizwi.

"Haramia gani analeta kunazi?" Shangazi akasema. "Angeleta hata saa ya mkononi!"

"Nyamaza, Ramkali. Kuta zina masikio."

"Basi zisikie. Nataka saa."

Amma alizila zile kunazi zote, peke yake, akiwa amekaa mlangoni. Akasema, "Zina ladha ya nyumbani kwetu." Kisha akaniuliza, "Vasu, unajua nani anazileta?" Sikujibu. Sijawahi kumdanganya, lakini kunyamaza naweza siku nzima.

Niambie la kufanya.

Mjukuu wako,
Vasudha


Ujjain,
16 Desemba 1983

Vasudha mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Mimi mzima. Soma barua hii ukiwa umesimama.

Mwambie Amma kila kitu, leo hii, kwa sababu kuna jambo moja la kuzuia. Unajua kaka haji na bhaat hivihivi. Kabla ya harusi dada humwendea na sahani ya mchele na sukari guru, akampaka alama, akamwalika kwa mdomo wake. Asiyealikwa haji. Wewe ulimwita akupitishe njia, akakupitisha, na tangu hapo amekuwa akifanya kazi ya maama akiwa nje. Kizingiti hakivuki, kwa kuwa yeye ni mwito tu, na mwito unafika pale ulipotamkwa. Amma asiende kumwalika. Bhaat nitaitafutia mtu. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani Gwalior, nimemwandikia leo.

Sikukwambia upande wa pili wa lile neno kwa sababu sikutaka uogope vitabu. Ukimwambia mtu "wangu", hujamfunga yeye peke yake. Naye sasa anaweza kukutazama akasema neno lilelile.

Babu yako


Pipraunda,
5 Januari 1984

Kwa Babu,

Heri ya mwaka wa kwenye kalenda ya shule. Natumaini wewe mzima. Sisi wazima, nadhani.

Mtu wa posta alikuwa na homa, mfuko wa barua ukalala ofisini. Yako nimeipata jana. Lakini Amma nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe, siku nne baada ya kukuandikia, kwa sababu sikuweza tena kumficha. Nilidhani atalia, au atamwita mganga. Alinisikiliza huku akikanda unga. Akaosha mikono, akavaa sari yake ya harusi, akatayarisha sahani: mchele, manjano, sukari guru, unga mwekundu.

"Amma, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu."

Nikamfuata. Palikuwa na ukungu, ingawa jua lilishapanda. Kwenye ngazi ya juu kabisa ya kile kisima akasimama, akajifunika kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida, ile anayoitumia kwa muuza maziwa, "Kaka, nimekuja kukualika. Mpwa wako Hemlata anaolewa. Wanasema sina mtu."

Pumzi ile nikaisikia chini, ndani, ikipanda ngazi. Amma akachovya kidole gumba kwenye ule unga, akakiinua juu ya kichwa chake, akabonyeza hewa.

Babu, alama ilibaki. Alama nyekundu, imesimama peke yake kwenye ukungu, juu ya kichwa cha Amma, ikipanda kidogo na kushuka kidogo. Kisha ikainama. Ikashuka mpaka chini, mguu wake wa kulia, halafu wa kushoto. Na Amma akaweka mkono wake juu ya mahali ambapo kichwa kingekuwa, akambariki.

Njiani kurudi aliimba zile nyimbo za kaka ambazo huwa anatoka uani wanawake wengine wanapoziimba. Nilikuwa nikimkodolea macho. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, Vasu. Wenzangu walipewa kaka zao bila kuomba. Mimi wangu nimemwomba, basi."

Mwanafunzi wako wa Gwalior alikuja. Amma alimpa chai, akamshukuru, akamwambia nafasi imejaa.

Nauliza tena la kitabu. Maama kazi yake ni kutoa tu. Hata maji ya nyumbani kwa dada hanywi. Basi kwetu atataka nini?

Vasudha


Pipraunda,
10 Februari 1984

Kwa Babu,

Sijapata jibu lako la Januari. Amma alisikia kwa mtu wa Ujjain kwamba ulilazwa kwa ajili ya nyonga. Ukisoma hii kitandani, iweke mbali mtu mwingine asiione.

Dada Hemlata ameolewa, yuko Etawah, ana furaha. Hilo kwanza.

Yule aliyealikwa alikuja asubuhi ya harusi pamoja na ukungu. Mwanamume aliyevaa nguo nyeupe, pindo limelowa, na kapu kubwa kichwani lililofunikwa kitambaa chekundu. Akasimama nje ya mlango mpaka Amma akasema, "Kaka, karibu ndani." Ndipo akavuka. Akapanda kwenye kibao. Amma akampaka alama, akamzungushia taa, machozi yakimtoka bila aibu. Kila mtu akapata nguo. Za kitambaa kizito cha zamani, na zote zilinukia kama chini ya jiwe lililokaa majini. Dada Hemlata alipewa mikufu ya miguuni ya fedha ambayo bibi wa Etawah aliigeuza mara mbili akasema, "Hii kazi ya mikono sijaiona tangu kwa bibi yangu." Basi wakaridhika. Bwana harusi akaingia uani.

Shangazi, unamjua, alimwangalia miguu kwanza, maana mizimu husemwa miguu yao imegeukia nyuma. Ilikuwa sawasawa, imeelekea mbele kama ya mtu yeyote. Akavunjika moyo, nadhani.

"Ndugu, wewe kwenu wapi?" akamuuliza.

"Sikuwa na kwetu mpaka nilipoitwa."

"Ehee, mtunga mashairi. Maji je, utakunywa?"

"Kwa dada?" Akashangaa kweli, kama mtu aliyetukanwa kwa upole. Wazee wa Etawah wakatikisa vichwa kwa heshima.

Baadaye, tukiosha vyombo, Baba alisema alikuwa mfupi mwenye masharubu meupe. Shangazi akasema alikuwa kijana mrefu, tena mzuri. Amma akasema amefanana na wewe. Mimi sikumbuki uso. Nakumbuka alipoinama kugusa miguu yangu, mkono uleule, ule wa baridi. Na kibao alichosimamia mpaka leo hakijakauka.

Kabla ya kuondoka alinikuta karibu na lango. Akasema kile ambacho kila maama nchi hii humwambia mpwa wake: "Likizo ikianza, nitakuja kukuchukua. Utakaa kwangu."

Na mimi, kwa adabu, niliitikia kwa kichwa.

Likizo inaanza tarehe moja Mei. Nataka kufanya mtihani. Nataka kwenda chuo Gwalior nisome yale uliyosoma wewe. Sitaki kushuka ngazi zile, Babu. Tafadhali nitafutie neno.

Vasudha


Ujjain,
19 Februari 1984

Vasudha wangu,

Nimetoka hospitali jana. Wamenifunga mbao mguuni kama mche wa mpapai. Barua zako mbili nimezisoma pamoja, na nimecheka kwa ajili ya Shangazi kabla ya kuacha kucheka.

Neno ulilotaka ninalo. Si la uchawi, ni la ukoo.

Watoto wote wanasema "nakwenda kwa maama" likizo zikifika. Lakini nyumba ya maama ni ipi? Ni nyumba ya babu mzaa mama. Maama hana nyumba yake maadamu baba yake yu hai. Sasa, huyu amekubali kuwa kaka wa mama yako Kishori. Kaka wa Kishori ni mwana wa nani? Wangu. Hakuna njia nyingine katika lugha yoyote ninayoijua. Akija mlangoni mwambie, kwa heshima, huku umesimama ndani: "Maama, kwako ni kwa Babu, Ujjain. Tangulia ukamwamkie baba yako. Kama yeye atanialika, nitakuja." Mimi sitakualika.

Naye alisema mwenyewe kwamba hana kwao. Mtu asiye na kwao ukimpa anuani, ataifuata.

Usinionee huruma. Nina miaka themanini, sina mwana, na wewe unajua kwetu mwana ni wa nini: wa kuwasha moto wa kuchoma maiti ya baba yake. Nimewaza habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwambia Amma.

Babu yako


Pipraunda,
4 Machi 1984

Kwa Babu,

Salamu, na mguu upone upesi. Nimefanya ulivyosema.

Jana palikuwa na kunazi tena. Nilisimama ndani ya mlango, nikaita mara moja, nikayasema maneno yako yote bila kukosea, kama shairi la darasani. Barabara ilikuwa tupu. Lakini kizingiti kikaanza kulowa, nikajua anasikiliza. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Baba yupo?"

Nikasema, "Yupo."

Tangu jana kibao kimekauka. Kalua ametoka chini ya kitanda na amekula chapati tatu za Baba. Amma anakaa mlangoni, anatazama njia. Mimi naanza mtihani Jumatatu. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nimelala.

Babu, amefika kwako?

Vasudha


Ujjain,
12 Aprili 1984

Mjukuu wangu Vasudha,

Uishi sana. Mimi sijambo, kuliko miezi mingi iliyopita. Nyonga haisemi tena habari za mvua, maana kuna mkono baridi unaoikanda kila asubuhi.

Amefika. Alisimama nje siku mbili. Majirani walidhani bomba limepasuka. Nikamwita ndani, nikiwa najua ninalofanya.

Ni mwana mwema, nisikufiche. Ananinyanyua, ananiogesha, ananisomea magazeti bila kupepesa. Hali chakula mbele yangu. Nikimuuliza alikuwa nani zamani, anasema hakumbuki kuwa, anakumbuka kuitwa tu. Mchunga mbuzi huyu, mke wa mfinyanzi yule, miaka na miaka. Wanamwita, anawapitisha, wanamsahau. Ni wewe wa kwanza kumwambia unakaa wapi.

Basi nimeanza kumfundisha. Ungefanya nini, wewe? Mwalimu ni mwalimu. Kila siku tunalipa jina lake umbo moja ambalo halikuwa nalo: maama anayetenda, maama anayepewa, mahali anakotoka maama. Anakariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Kila umbo likimkaa, anaonekana zaidi. Sasa ana kivuli. Jana alikunywa maji, maana hapa si kwa dada, ni kwa baba.

Limebaki umbo moja, lile la mtu aliyemo mahali. Hilo nalikawiza. Asipokuwa nalo, bado ni wa kuitwa, hawezi kuvuka kizingiti asichoitwa. Kulikosa ndiko kumekulinda. Analiomba kila jioni kwa adabu, ananikalia miguuni, na mimi nambadilishia somo.

Usije likizo hii. Usiandike neno "maama" hata kwenye karatasi ya mazoezi. Na mwambie Amma kwamba alisema kweli, huyu amefanana na mimi kidogo, hasa anapokosea.

Babu yako


Pipraunda, ndani,
siku ya kwanza ya likizo

Wangu,

Hujambo? Mtihani ulikwendaje? Nilikuombea nikiwa Ujjain, pamoja na Baba. Natumaini Amma hana kikohozi. Shangazi nimemletea saa.

Baba amepumzika. Ilikuwa alfajiri, hakuumwa. Nilifanya yote yanayompasa mwana: nilimbeba, niliwasha moto, nikayapeleka majivu mtoni. Majirani walisema Mwalimu alikuwa na mwana mwema, na kila mmoja alinieleza kwa sura tofauti. Sikujua kwamba ninaweza kulia. Yalikuwa maji, lakini ya moto.

Jioni ya mwisho alinishika kichwa akanifundisha lile umbo alilokuwa analikawiza. Nilimwambia, "Baba, ulisema bado." Akasema hawezi kumwacha mwanawe nje ya kila mlango. Alisema pia nikusamehe kwa yale uliyoyasema kizingitini, kwamba yalikuwa maneno yake, si yako. Nilikuwa nimeshasamehe.

Barua hii haina stempu. Umeikuta ndani ya kitabu chako cha Kisanskriti, kwenye ukurasa wa matula, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Usimlaumu Kalua. Hakuna aliyeniita, kwa hiyo hakusikia kitu.

Ulisema utakuja kama Babu atakualika. Nyumba ya Ujjain sasa ni ya mwanawe, na mwanawe anakualika. Vitabu vyake vyote vipo, nimevipangusa. Funga nguo zako taratibu, umuage Amma vizuri. Sina haraka, na siendi popote.

Asubuhi hii, kama umeikuta miguu yako imelowa, usiogope. Nilikuwa nakusalimu.

Maama